Ukuta wa Makame

Mtu mmoja alimfukuza binti yake kwa ulimi wake mwenyewe. Yeye aliitwa Makame, bintiye Riziki. Miaka ikapita, moyo ukamuuma, akatuma salamu: rudi nyumbani, nakujengea chumba. Riziki akakubali kuja na mwanawe mchanga.

Tangu hapo Makame hakutulia. Kuta za mawe zilisimama upesi, akazipiga lipu ya chokaa, na kilichobaki kikawa kungoja. Mliojenga kwa chokaa mnajua vitimbi vyake. Chokaa hula hewa, hii hii tunayoitoa puani, lakini haiwezi kuila kavu. Lazima hewa iingie kwanza kwenye maji, na ikishaingia haina pupa. Nyingi hukaa humo vivyo hivyo; kidogo tu, tena taratibu, hugeuka ukali kama wa soda, na ukali huo ukikutana na chokaa ndipo inapokuwa jiwe. Kwa hiyo mkewe, Bi Time, aliurashia ukuta maji asubuhi na jioni, akaufunika magunia yaliyolowa.

Makame alikuwa akienda, akirudi. Akiubonyeza ukuta kwa dole gumba, unabonyea. Anakaa, anainuka, anabonyeza tena. Kwake yeye adui alikuwa maji. Siku Bi Time alipokwenda mazishini, akayavua magunia, akaingiza majiko ya mkaa, akapuliza mpaka akalowa jasho. Jioni ukuta ulikuwa mweupe, mkavu, wa kuonyesha wageni. Akamwita binti siku ile ile.

Masika hayakuchelewa. Upepo ukausukumia ukuta mvua, unyevu ukapenya, na lipu ikamwagika vipande vipande juu ya mkeka aliolazwa mtoto. Mtoto hakuumia, alilia tu. Makame akapiga magoti akizoa vipande, akiapa ataupiga upya kesho, la, leo hii hii. Riziki akamwinua mwanawe, akamkung'uta unga mweupe kichwani.

"Baba, nani alikwambia nina haraka?"

Makame akaviweka chini vipande. Tangu binti afike hakuwa ameketi naye hata kwa kikombe kimoja cha chai, wala hakuwa amelitamka neno samahani. Alikuwa akimwonyesha ukuta. Ilimuuma, na ilistahili kumuuma.

Ndugu zangu, wapo hapa waliopeana mikono juzi baada ya ugomvi wa miaka, na leo wanataka tuwashuhudie kwamba wamepatana. Nawauliza: mmekuwa jiwe, au mmekauka tu?