Kata ya Nungunungu na Nta ya Nyani

Paukwa! Mbona kimya? Paukwa, jamani!

Pakawa!

Enhe, sasa mko macho.

Hapo zamani za kale palikuwa na kisima chembamba, kirefu, na hakuna mnyama aliyeyafikia maji yake. Nungunungu akaacha kulima msimu mzima, akachonga kata yenye mpini mrefu. Akateka maji! Loo, vigelegele!

Kesho yake kila mnyama ana kata kama ile. Wakateka, wakamwagilia, wakavuna. Nungunungu shamba lake pori tupu, na watoto wanalala njaa. Akajikuna miiba, haelewi. "Kata nimebuni mimi. Mbona mwenye njaa ni mimi?"

Akamwendea Simba, mfalme wao. Simba akanguruma, "Asichonge mtu kata bila ruhusa ya Nungunungu!" Kata zote zikavunjwa, ikabaki yake.

Basi akatamba huyo! "Anayetaka ruhusa alete kikapu cha mtama." Kikapu kizima! Nani anacho? Wanyama wakaenda zao kuteka mtoni, mbali kweli kweli. Hakuja hata mmoja. Akajikuna miiba, haelewi.

Kiangazi kikaja, maji yakashuka. Kata ilikuwa ikivuja penye mpini, na sasa safari ni ndefu. Ikifika juu, haina kitu. Mtoto wake akalia, "Mama, koo linaniuma."

Nyani akaja. "Dada, nta ya kuziba hapo ninayo. Nimehangaika nayo mwaka mzima. Ila kata sina ruhusa ya kuchonga."

"Nipe nta!"

"Nawe utanipa nini?"

Nungunungu akashika kichwa. "Mimi nina kata, wewe una nta, na sote tuna kiu! Uwii, mambo gani haya?"

Wakapatana: anayetaka kuchonga kata yenye nta alete kibaba kimoja tu cha mtama, nao wawili wagawane. Wakampelekea Simba, naye akaongeza, "Kwa mavuno matatu. Baada ya hapo, ni ya kila mtu."

Wanyama wakaja mbio. Kibaba, kibaba, kibaba, ghala likajaa. "Nimepunguza, nikapata zaidi?" Akajikuna miiba, bado haelewi.

Mavuno ya tatu yakaisha. Mtoto akauliza, "Mama, sasa tutakula nini?"

"Lete kisu," akasema. "Tuchonge kitu kingine."

Mmesikia? Mwenye kubuni apewe chake, asije akachoka kubuni. Lakini akibana mno, kiu itamrudia yeye na wanawe.

Hadithi yangu imeishia hapo kisimani. Asiyeelewa, naye ajikune!