Nusu Inchi Tu

Wengi wakisikia kwamba bandu bandu huisha gogo, humfikiria mtu mwenye shoka, jasho likimtiririka, akichanja mpaka mti mzima ukaisha. Wako sahihi. Lakini methali haikutaja ni nani aliyelishika shoka, wala gogo ni la nani. Wapo wanaojibandua wenyewe, kidogo kidogo, tena huku wakitabasamu. Fundi wa hadithi hii alikuwa mmoja wao, na gogo lake lilikuwa mwili wake.

Alikuwa fundi wa suruali na suti, mtu wa miaka hamsini na mmoja, mcheshi, asiyekosa neno la kumjibu mteja. Kazi alifundishwa na kaka yake, na duka walilifungua pamoja: cherehani mbili za kukanyaga kwa miguu, meza ya kukatia, pasi, kioo kirefu na pazia la kubadilishia nguo. Miaka miwili nyuma, kaka huyo aliaga dunia. Ugonjwa wa kisukari ulianza na kidole gumba cha mguu, ukaula mguu mpaka ukakatwa, ukammaliza. Baada ya mazishi, fundi aliifunika shuka cherehani ya marehemu, akauvua mkanda unaozungusha gurudumu lake na kuutundika msumarini ili asije mtu akaitumia.

Haukupita muda, naye akapimwa. Muuguzi, mama asiyependa mizaha, aliinama akakitazama kidole gumba cha mguu wa fundi. Palikuwa na kidonda kidogo, kama punje ya mtama, kilichokataa kupona.

"Baba, sukari yako iko juu," alisema. "Tembea kila siku. Acha soda na chai ya sukari. Punguza kiuno. Ukipuuza, mguu huu tutaukata."

Fundi aliingiwa na hofu ya kweli. Siku hiyohiyo aliapa mbele ya mkewe, akanunua raba mpya, na kwa wiki mbili alitembea asubuhi kama askari aliyeajiriwa jana. Chai aliinywa bila sukari, na majirani akawahubiria mpaka wakaanza kumkwepa. Wiki ya tatu mvua ikanyesha. Akasema atatembea kesho, na kesho hiyo ikazaa kesho nyingine. Kijiko kimoja cha sukari kikarudi kwenye kikombe, eti cha kuondoa uchungu tu. Soda ikarudi Jumamosi, kisha ikajikaribisha na Jumatano.

"Mume wangu, ile ahadi imeishia wapi?" mkewe alimuuliza.

"Ipo, mama. Ningekuwa nimenenepa, si suruali zingenibana? Tazama, zinanikaa kama kawaida!"

Hapo ndipo ufundi wake ulipomponza. Mtu mwingine akinenepa, kifungo humsema hadharani. Fundi hasemwi na kifungo, ana wembe. Nyuma ya kila suruali aliyojishonea aliacha kitambaa cha akiba ndani ya mshono. Kiuno kikibana, alifumua, akaachia nusu inchi, akashona upya. "Nusu inchi tu," alijiambia. "Kitambaa kimerudi kwa kufuliwa." Suruali yake ya kijivu, aliyoipenda kuliko zote, alikuwa ameiachia mara sita, na kila mara alisahau kwamba amewahi kufanya hivyo.

Mchana mmoja aliiachia mara ya saba. Akaitundika, akafunga duka kwa kufuli, akaenda kula. Aliporudi na kuivaa, kifungo hakikukaribia hata tundu lake. Akaigeuza nje ndani. Mshono wake haukuwapo. Mwingine ulikuwa umepigwa mahali pake, mahali pa kipimo cha kwanza kabisa, kabla ya zile nusu inchi zote.

Ufunguo wa duka ulikuwa mmoja, na ulikuwa mfukoni mwake. Alijichekesha kwamba uzee umeanza kumchezea, akafumua, akaachia tena, akaenda kula. Aliporudi, mshono ulikuwa umerudi kulekule. Safari hii aliusogeza dirishani autazame vizuri, na jasho jembamba likamtoka. Kila baada ya mishono minane, wa tisa uliruka. Duniani palikuwa na cherehani moja tu aliyoijua yenye kilema hicho, nayo ilikuwa imefunikwa shuka pale ukutani, haina mkanda.

Jioni alimweleza mkewe.

"Shemeji alikuwa mtu wa kunyoosha makosa ya watu," mkewe alisema. "Acha kuifumua hiyo suruali."

Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Kesho yake saa sita fundi alifumua tena, akashona, akaitundika. Akafunga mlango kwa ndani, akajificha nyuma ya pazia. Jua lilikuwa kali nje, watu wakipita wakizungumza, muuza maji akipiga kelele za biashara. Ndani kulikuwa kimya.

Kisha shuka ikaanza kutikisika.

Kanyagio la cherehani ya kaka yake lilishuka, likatulia, likapanda. Likashuka tena, likatulia. Halikuwa likienda kwa mwendo wa miguu miwili. Lilienda kwa kuchechemea, kama linavyokanyagwa na mtu mwenye mguu mmoja. Gurudumu lilizunguka bila mkanda, na mkanda wenyewe ulining'inia palepale msumarini. Fundi aliinua macho: msumari wa suruali yake ulikuwa mtupu. Nywele zilimsimama.

"Kaka?" alinong'ona.

Kanyagio likasimama. Fundi alipiga moyo konde, akatoka nyuma ya pazia, akaivuta shuka. Suruali yake ya kijivu ilikuwa mezani pa cherehani, imekwisha kupunguzwa. Chini ya sindano palikuwa na suruali nyingine, ya kahawia, imegeuzwa nje ndani. Aliitambua mara moja. Ndiyo nguo ya mwisho ambayo kaka yake aliivaa akiwa na miguu miwili, na yeye mwenyewe ndiye aliyeifungia sandukuni nyumbani.

Aliishika, akapeleka macho kwenye mshono wa nyuma. Palikuwa na mistari ya matundu madogo ya sindano, mahali palipofumuliwa na kushonwa, kufumuliwa na kushonwa. Kati ya mstari na mstari, nusu inchi. Alihesabu: saba. Wa saba ulikuwa ukingoni kabisa mwa kitambaa. Baada yake hapakuwa na akiba tena.

"Kumbe na wewe, Kaka?" alisema, akaketi sakafuni, akalia kama mtoto.

Hakuapa tena siku ile. Aliivaa ile ya kijivu kwa taabu, haikufunga, akaishika kiunoni kwa kamba na kuificha chini ya shati. Akatoka, akatembea mpaka kona ya mtaa, akarudi. Basi. Kesho yake alifika kona ya pili. Sukari aliipunguza nusu kijiko, kisha robo, kisha akaizoea chai yenyewe. Mvua iliponyesha alizunguka meza ya kukatia, mizunguko mia, na wapita njia walimwona dirishani wakadhani amerukwa na akili. Zilikuwapo siku alizochoka na kukata tamaa kabisa. Siku hizo alivaa suruali ileile na kuvuta kifungo, aone kimebakiza umbali gani. Cherehani ya marehemu haikutikisika tena, na wembe haukugusa mshono ule.

Katika mwezi wa nane tangu siku ile, kifungo kilifunga. Wiki hiyo alikwenda kliniki, na muuguzi akakishika kidole gumba, akakigeuza huku na huku, akakibonyeza.

"Kidonda kimekauka," alisema, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. "Mguu ni wako, baba. Umetumia dawa gani?"

"Siku ya kwanza nilitembea mpaka kona ya mtaa," fundi alijibu.

"Kisha?"

"Kisha kona ya pili."

Muuguzi alicheka, akidhani ni utani wa mafundi. Fundi hakucheka. Alijua nusu inchi zilimfikisha kaka yake wapi, na alijua nusu inchi zizo hizo, zilipohesabiwa kwa kurudi nyuma, zilimwokoa yeye. Kwani kwa kuangamia au kwa kupona, bandu bandu huisha gogo.