Fisi Aionea Wivu Nafasi ya Bi Pimbi

Hodi hapo, wenyewe.
— Karibu, na uongo wako uingie.
Uingie na viatu?
— Uvue nje, tumefagia.
Mmefagia na uvunguni?
— Ya uvunguni hayakuhusu.
Basi kaeni. Asiye na kigoda amkalie jirani yake.

Alikuwepo Fisi, bwana mkubwa, mabega huku, makalio kule, na tumbo katikati linakwenda kivyake. Pango lake lilikuwa kubwa kuliko yote bondeni. Lakini ukiingia huingii. Mlangoni mtungi, nyuma ya mtungi ungo, juu ya ungo jamvi, chini ya jamvi ngazi ya Twiga. Twiga na ngazi wapi na wapi, msiniulize mimi, muulizeni Twiga. Bi Fisi mkewe alilala amekaa, na akitaka kujigeuza humwomba radhi sufuria.

Na vitu vyote hivyo si vyake, ni vya kuazima. Fisi alikuwa na ugonjwa mmoja. Akiona mwenzake ana kitu, moyo unamchemka, fuku, fuku, fuku, kama uji unaoungua, na unauliza: "Na mimi je? Na mimi je?" Hapo atapiga hodi. "Jirani, naazima tu, kesho asubuhi narudisha." Hiyo kesho asubuhi mpaka leo haijapambazuka.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Pimbi, mjane, kijitu ambacho ukikitia kwenye kofia, kofia inabaki na nafasi. Fisi aliazima kwake kinu cha mninga, ambacho Bi Pimbi aliachiwa na mama yake. Tangu siku hiyo Bi Pimbi anatwangia kisamvu juu ya jiwe. Kisamvu kinaruka, mchanga unaingia, akila meno yanalia kra, kra. Mara saba alikwenda kukidai.

"Kinu changu, Bwana Fisi."

"Kipo, dada. Kipo ndani."

"Ndani wapi?"

"Hapo sasa. Ndani ni pengi."

Na tumbo limeziba mlango, hakuna pa kuchungulia.

Sasa huko bondeni, kila mwaka baada ya mavuno kulikuwa na karamu. Nyumba ya karamu, ile yenye nafasi kuliko zote, ilichaguliwa na Bi Mbuni, kwa kuwa shingo yake ilimruhusu kuingia dirishani bila hodi. Na mwenye nyumba ndiye hula ukoko wote wa masufuria, na mifupa yote. Ukoko jamani, na mifupa. Fisi akifikiria hayo mawili hupangusa kidevu. Lakini hajachaguliwa hata mara moja.

Zilibaki siku nne. Asubuhi hiyo Fisi akasikia watu kwa Bi Pimbi. "Lo." "Tazama." "Nafasi hiyo." Moyo ukaanza: fuku, fuku. Akatoka, akawapangua watu kwa kiwiko, akachungulia.

Hakuna kitu. Sakafu imefagiwa, mkeka mmoja, sufuria moja kwenye msumari wake, kata kwenye msumari wake, kanga kwenye msumari wake. Nyani alikuwa katikati, mikono kainyoosha, anazunguka, fyu, fyu. "Naona mnashuhudia? Nazunguka sigusi kitu."

Fisi akatazama ukuta kwa ukuta. Hakuona kitu cha kuazima. Akaona kile ambacho yeye hana, na wivu ukampanda mpaka masikio yakasimama.

"Bi Pimbi, nafasi hii umeipata wapi?"

"Nilikuwa nayo siku zote, jirani. Nilikuwa nimeilundikia vitu tu."

"Naazima. Kesho asubuhi narudisha."

"Nafasi haiazimwi. Unaichimba mwenyewe kama kiazi." Akashusha sauti. "Lakini usijisumbue. Bi Mbuni kaniambia hii yangu ndiyo ya kwanza bondeni. Wa pili si mbaya."

"Nani wa pili?"

"Si lazima uwe wewe."

Fisi hakula siku hiyo. Alikaa kati ya mtungi na ungo, anasikia watu wanazunguka kwa jirani, fyu, fyu, na moyo unauliza: "Na mimi je? Na mimi je?" Alasiri akarudi, mkia katikati ya miguu.

"Nichimbie na mimi, dada."

"Kwanza toa kila kitu nje," akasema Bi Pimbi. "Usipange ndani kwa ndani, utakuwa unahamisha kona moja kwenda kona nyingine. Kila kitu nje, juani."

Basi Fisi akatoa. Kesho yake kutwa nzima anatoa. Mtungi, tu. Ungo, pwa. Masufuria, kwangala kwangala kwangala. Bi Fisi akanyoosha miguu kwa mara ya kwanza tangu harusi, goti likalia ko, akalia na yeye.

"Sasa mafungu matatu," akasema Bi Pimbi asubuhi iliyofuata. "Shika kimoja kimoja mkononi, ukiulize: nilikutumia lini? Kama ni baada ya mvua zilizopita, fungu la kwanza, la kubaki. Kama kimevunjika, fungu la pili, na jua lisizame hujakitengeneza au hujakitupa. Kama kipo tu, kinakaa kinakutazama, fungu la tatu, kiende kwa atakayekitumia. Kitakachobaki kipigilie msumari wake. Kisicho na msumari hakina kwao."

"Wewe umebakiza vingapi?"

"Vinne."

"Mimi vitatu."

"Utaweza, jirani? Vinne vyenyewe nilitoka jasho."

"Nimesema vitatu."

Fisi akashika kimoja kimoja. Nilikutumia lini? Fungu la tatu. Nilikutumia lini? Fungu la tatu. Mpaka akafika kwenye kinu. Akakishika, akakipapasa. Cha mninga, kizito, kinang'aa. Bi Pimbi akatazama pembeni.

"Hiki kizuri," akasema Fisi. "Hiki nabaki nacho."

"Kizuri kweli. Baki nacho," akasema Bi Pimbi. "Kitakula nafasi ya mtu mzima aliyelala, lakini baki nacho. Unakumbuka pale kwangu Nyani anapopendelea kuzunguka? Pale ndipo kilipokuwa kinakaa. Pengo lile limetoka kwenye kinu hiki hiki. Sitaki na wewe upate la namna ile."

Fisi akageuka polepole. "Yaani uzuri wa kwako ni kwa sababu kinu kiko kwangu?"

"Nisingesema hivyo mbele za watu."

"Chukua," akasema Fisi.

"Hapana, jirani."

"Chukua, nimekwambia. Kaweke pale pale, ulizibe hilo pengo." Akakibeba mwenyewe, na mchi wake kwapani, akaingia kwa Bi Pimbi, akakitua katikati ya sakafu, puu. Akarudi nyuma akatazama. Nafasi imepungua. Moyo ukatulia kidogo, kwa mara ya kwanza tangu juzi.

Ndipo wazo likamjia, na lilipomjia alicheka mpaka kunguru wakahama. Kama nafasi ya Pimbi imezibika kwa kinu, na za wengine si zitazibika hivyo hivyo? Abaki nayo yeye peke yake.

Akabeba ungo mpaka kwa Kanga. "Chukua, jaza." Akabeba mbuzi ya kukunia nazi mpaka kwa Nyani. "Chukua, jaza." Akabeba ngazi mpaka kwa Twiga. "Chukua, jaza." Mbio bondeni, mbio kilimani, jasho chururu, anarudisha vitu vya watu kwa roho mbaya kabisa, na watu wanapokea wameduwaa, wanadhani anaumwa.

Jioni pango lilikuwa jeupe. Vitu vitatu: yeye, mkewe na msumari. Bi Mbuni akaingiza shingo dirishani, akaizungusha mara mbili bila kugusa chochote. "Karamu hapa," akasema.

Siku ikafika. Watu wakaja na masufuria yao, majamvi yao, watoto wao. Fisi kasimama mlangoni, anapangusa kidevu. Nyani akatua jamvi ndani.

"Hilo linakaa kwa muda gani?" akauliza Fisi.

"Mpaka tushibe."

"Linakula nafasi. Litoe."

Kanga akaingia na vifaranga kumi na wawili. Fisi akawahesabu, akahesabu na miguu yao, moyo ukaanza: fuku, fuku. "Hii miguu yote ni ya nini? Iacheni nje."

"Miguu, Bwana Fisi?"

"Mnanijazia. Nimeichimba mwenyewe, mnakuja kunijazia." Akarudisha tumbo mlangoni, pale pale lilipokuwa likikaa zamani.

"Baba we, na ukoko?" akanong'ona Bi Fisi.

"Nafasi kwanza."

Bi Fisi akamtazama, akajifunga vizuri kanga yake, akapita chini ya kwapa la mumewe, akawafuata wageni. Karamu ikahamia kwa Bi Pimbi. Walibanana, mmoja kakalia mkia wa mwenzake, na kinu kinalia katikati, du, du, du. Fisi kakaa peke yake ndani ya nafasi yake. Alijaribu kucheka, kicheko kikagonga ukuta kikamrudia. Harufu ya ukoko ikaingia dirishani, na moyo ukauliza: "Na mimi je? Na mimi je?"

Bi Pimbi akaja na sahani. Wali, na mfupa mmoja.

"Kula, jirani. Sahani naazimisha tu, kesho asubuhi irudi."

Fisi akala. Akailamba sahani mpaka ikang'aa. Akaitazama sahani, akaitazama nafasi. Akaiweka katikati ya sakafu, akaizunguka. Ikapendeza. Lakini ilikuwa moja tu, maskini, kama yatima. Akasikia kule ng'ambo kinu kinalia, du, du, du. Akapangusa kidevu, akaanza kufanya mazoezi ya sauti yake: "Jirani, naazima tu."

Na funzo lake? Jamani, ukitaka vitu vyako virudi, usiwe mkweli, usiwe mpole, usidai kwa haki. Fagia, kisha jisifu. Na wewe uliyeazima, usirudishe, siku moja wivu utakurudishia. Na mwenye ungo wangu kati yenu hapo, nyumba yako imependeza sana, ila imejaa.

Uongo wangu nimeutoa wote nje.
— Nasi tumeuweka fungu la tatu.
Na msumari?
— Tundika ulimi wako.