Mota Nyeusi ya Nyanjige

Wajukuu zangu, mmewahi kukiona chuma kikiliwa? Hamjaona, maana hakipigi kelele. Jana mlimsikia shangazi yenu akisema, "Chumvi hula kimya," mkaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Imetoka hapa hapa Kigombe, nyumba ya tatu kutoka hii yetu, na ilianza hivi.

Mwinjuma, mvuvi wa mshipi, alikwenda Ukerewe kufanya kazi ya kuunda boti. Baada ya miaka miwili akarudi na mke, Nyanjige, mtoto wa ziwani. Alikuwa mpole, mrefu, anafunga kanga yake juu kidogo kama wanavyofunga kwao. Kwao mtu huingia ziwani na sufuria, akachota, akanywa. Hapa alikuta maji hadi upeo wa macho, na kikombe kimoja hakinyweki. Wiki ya kwanza nilimwona ufukweni akilamba kidole, kisha akakifuta polepole kwenye kanga.

Tulikuwa tukimuuliza, "Umeshazoea, wifi?" Alijibu, "Nimezoea." Mimi nilimuuliza mara nyingi kuliko wote, na kila mara niliridhika na jibu nikaendelea kukuna nazi yangu.

Ikawa Mwinjuma anataka mota ya betri. Si injini ya kukimbilia, hapana. Ni ile ndogo ya kusogeza boti taratibu pembeni mwa mwamba, samaki aina ya changu wasishtuke. Wakaenda wote wawili mjini Tanga. Dukani zilikuwepo mbili. Moja nyeupe, ya maji chumvi: waya zake zimezibwa vizuri, na chini ina kipande cha zinki kilichowekwa makusudi kiliwe na chumvi kwanza, mota ibaki salama. Nyingine nyeusi, ya maji baridi yasiyo na chumvi, haina kinga hiyo.

Muuzaji akaziwasha zote wasikie. Ile nyeusi ilipovuma, Nyanjige akaishika kwa mikono miwili. Mwinjuma akamkumbusha kwamba hiyo ni ya ziwa. Mkewe akasema atakuwa akiiosha mwenyewe kila siku kwa maji ya kisima, chumvi isikae. Mwinjuma hakuwahi kumwona akitaka kitu. Akakubali.

Na kweli aliiosha. Kila alasiri beseni lile la bluu, kitambaa, na mswaki wa kusugulia mapanga ya mota yanayosukuma maji. Alikaa nayo muda mrefu kuliko kazi yenyewe ilivyotaka. Watu wakamtania kwamba mwanamke wa bara anaogesha chuma kama mtoto mchanga. Alicheka nao, akamwaga maji, akaingia ndani.

Miezi saba mota ilizunguka vizuri. Siku moja, saa sita mchana, mkondo ukiwa unavuta kwenda nje, ikazima ghafla. Mwinjuma alikuwa peke yake nyuma ya mwamba na kasia moja. Nyanjige, alipoona saa ya mumewe kurudi imepita, alisimama ufukweni tangu adhuhuri, maji yanamfika magotini. Boti ilipogusa mchanga ilikuwa alasiri imekwisha, na viganja vya mumewe vimechubuka hadi damu.

Wakamwita Fundi Chande. Akaifungua mota pale pale uani. Nje iling'aa kama sahani ya mgeni. Ndani waya zilikuwa kijani, zinamomonyoka kwenye vidole.

"Shemeji, haikuwa ikikwaruza?" akamuuliza Nyanjige.

"Hapana. Asubuhi ilivuma vizuri tu."

"Ndivyo ilivyo. Wewe uliosha nje. Chumvi hula kimya."

Fundi akakusanya bisibisi zake akaondoka. Mimi nilikuwa mlangoni na bakuli la uji, nikashindwa kuingia na nikashindwa kurudi. Mwinjuma alizitazama zile waya, kisha akamtazama mkewe.

"Kwa nini uliitaka hii?"

"Kaka yangu Magesa anayo kama hiyo. Ikivuma, nasikia kwetu."

Mwinjuma akaviangalia viganja vyake. Alikuwa na haki ya kukasirika, na mikono yake ilikuwa ushahidi. Badala yake akaifunika mota kwa kile kitambaa cha kuoshea.

"Kila mtu akikuuliza, unasema umezoea," akasema. "Mimi nami nikaona unazunguka vizuri tu. Kumbe chumvi hula kimya. Nyanjige, nakuuliza tena, na safari hii sitaki jibu la kuoshwa nje. Umezoea?"

Nyanjige alilitazama beseni. Nilidhani atasema lile neno lake.

"Sijazoea," akasema. "Nataka kwenda kwa mama yangu. Nikae naye siku kadhaa, niingie ziwani, ninywe maji kwa viganja. Halafu nitarudi."