Chungu cha Kufukizia

Sogeeni, niazimeni masikio. Homa ilimkamata mama yake Mwanaiki, na zimwi likaapa kumla siku hiyohiyo. Mwanaiki akakitoa chungu cha marehemu bibi yake. Chungu kikasema, "Mjukuu wangu, chemsha mchaichai na mkaratusi, mfukize. Chini ya shuka zimwi halimwezi. Usimfunue kabla hajatoka jasho; akishatoka, halimwezi tena."

Akachemsha, akamfunika mama shuka pamoja na chungu. Zimwi likabisha hodi kwa sauti ya mzee.

"Binti, unampika mama yako. Mfunue."

"Bado jasho, babu."

"Shuka inaungua."

"Bado jasho."

Likalia kwa sauti ya mama: "Mwanaiki, nakufa, nifunue."

Mkono wa Mwanaiki ukaikamata shuka, ukasita. Sauti ilitoka mlangoni.

Jasho likatiririka. Mama akajifunua mwenyewe, mzima. "Nani huyo anayeniiga?"

Zimwi likatimua mbio. Nami nimewaacha wakipika uji.