Predikamenti ya Nguchiro

— Wasikilizaji, mpo?
— Tupo, na masikio tumekuja nayo!
— Nilete neno?
— Lilete, tutalipima!

Mashahidi wawili, Kanga na Kobe, walikubaliana haya: kwamba karibu na mto palikuwa na shimo la wawindaji, kwamba asubuhi Nguchiro alikuwa ndani yake, na kwamba jua lilipofika utosini, aliyekuwa ndani ni Fisi. Yaliyotokea katikati ndiyo haya.

Nguchiro aliruka, chupu! Akaanguka, pu! Akaruka tena, chupu! Akaanguka, pu! Akaketi kwenye udongo baridi, akakumbuka enzi za mama yake. Enzi zile mnyama mwenye shida alilia "Jamani!" tu, na kilima kizima kikaja mbio, huyu na kamba, yule na uji. Siku hizi wanyama walisikiliza mno chini ya madirisha ya shule. Yeye mwenyewe alimsikia mwalimu akieleza neno la Kiingereza, predikamenti: hali ngumu ambayo aliyeingia haoni pa kutokea. Akajipima, akaona kwamba neno lilimfaa, msaada halikuleta.

Mara Fisi akachungulia, mate yakidondoka, to! to! Akaning'inia ukingoni kwa miguu ya nyuma, akanyoosha mkono, kucha zikamgusa Nguchiro sikio.

"Shikamoo, mjomba," Nguchiro akasema. "Nile, lakini predikamenti yangu usiitamani."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ya Kizungu. Nimo ndani yake tangu alfajiri, wala haijapungua."

"Kubwa?"

"Wengine wameingia katika yao, hawakutoka tena."

Pimeni, wasikilizaji: hapo hapana neno la uongo.

"Niachie yote!" Fisi akanguruma. "Kwanza nakula wewe!"

"Ukinila kabla sijakuachia, mjomba, itakwenda kwa warithi wangu, nao wako sabini. Desturi unaijua."

Desturi ilikuwa hii: cha aliyemo shimoni hupokelewa humo humo shimoni, na mpokeaji hutamka mara tatu mbele ya mashahidi. Fisi, akihofia wale sabini, akawaita Kanga na Kobe yeye mwenyewe. Kisha akaruka, gubu!

"Nimeipokea, ni yangu, sirudishi! Nimeipokea, ni yangu, sirudishi! Nimeipokea, ni yangu…"

Nguchiro akapanda mkia, akapanda mgongo, akapanda kichwa, chupu! Nje.

"…sirudishi! Iko wapi?" Fisi akauliza, akipapasa kuta.

"Umesimama ndani yake, mjomba."

"Chukua kitu chako, mwizi wee!"

"Nilisikia mara tatu," akasema Kobe.

"Mimi nilisikia nne," akasema Kanga. "Ana pupa huyu!"

Nguchiro akashika njia ya kwao, akapita palipokuwa na nyumba ya mama yake. Nyasi tupu. Akasimama kidogo, akaendelea.

Funzo, watoto: mkubwa akiomba, mdogo asiwe mchoyo.

— Ngano nimeitua.
— Nasi tumeizunguka!

Basi niambieni: Fisi alidhulumiwa, au alipewa alichokidai? Amueni wenyewe.