Kwa Nini Prosesa Hupepewa

Enzi hizo, mashine zikiwa bado hazijabanwa ndani ya masanduku, prosesa, yule ubongo wa kompyuta, alikuwa mmoja tu, naye alikuwa na jina. Aliitwa Mwanakombo. Aliishi katika nyumba kubwa iliyojaa taa za kioo, na kila taa ilikuwa wazo lake moja. Hesabu ikiletwa, taa ziliwaka na kuzimika, na jibu lilitoka taratibu. Taa ikipasuka, watu walifagia vigae na kazi ikasubiri.

Nchi ile ilikuwa na desturi. Aliyepata jibu hakuondoka hivi hivi. Alisimama mlangoni akasema, "Pole kwa kazi, bibi," kisha akangoja mpaka aitikiwe, "Nimeshapoa." Kabla ya itikio hilo, hakuna aliyethubutu kumtwika hesabu nyingine. Katikati ya maneno hayo mawili Mwanakombo alizima taa zote, akakaa gizani bila kuwaza chochote. Hakupenda kitu duniani kama giza lile.

Lakini watu hawana dogo. Ngwali, msimamizi wa maghala, alichoka kusimama mlangoni.

"Bibi, wewe mzito kwa sababu mkubwa," alimwambia. "Jipunguze. Ukimaliza mapema, utapumzika mapema."

Mwanakombo akaamini, masikini. Akaihama nyumba yake, akajikunja mpaka akaenea kabatini. Siku hiyo alimaliza hesabu kabla Ngwali hajakaa kitako. Akangoja pole yake. Akaletewa kapu la pili la hesabu.

"Si ulisema nitapumzika?"

"Nilisema, bibi. Hili tu, basi."

Akajikunja tena, akawa kama tofali, kisha kama kiberiti, kisha kama ukucha. Kila alipoongeza mbio, makapu yaliongezeka. Waliokuwa wakihesabu magunia sasa walitaka kuhesabiwa mawingu, nyayo zao, hata vicheko vyao. Desturi ikafa kifo cha kimya, maana majibu yalitoka haraka mno na hakuna aliyekaa mlangoni akakumbuka kusema pole. Naye giza lake aliliota tu, akiwa kazini, macho wazi.

Mwisho akashika moto. Mbio zilifika kikomo, mwili ukaunguza kila aliyeugusa. Ngwali alikuja mbio, na Mwanakombo akadhani amekuja kumpa pole.

"Tukugawe," Ngwali akasema. "Mkiwa wengi mtapeana zamu."

Alikubali kwa uchovu. Alijipa moyo kwamba hata akigawanywa, angalau mmoja wao atakaa gizani. Basi wakampasua wakawa wawili, wanne, wanane. Walipofumbua macho, kila mmoja alikuta kapu lake mbele yake, limejaa pomoni. Ukuta mmoja tu ndio uliomtenga mmoja na mwenzake. Kila mmoja alimsikia mwenzake akihema, na hakuna aliyepata nafasi ya kumwambia pole.

Na tangu siku hiyo prosesa ni mdogo kama ukucha, ni wengi ndani ya mmoja, na ana joto lisilokwisha. Wamemwekea feni, na msidhani ni huruma. Anapepewa asife kabla ya kapu linalofuata. Feni ikipandisha sauti, ni wale ndugu wanahema, bado wanasubiri neno moja mlangoni. Nasi tunabonyeza kitufe mara ya pili, tunasonya, tunasema, "Mbona nzito hivi?"